Mjomba, kapeti la mpira ndilo litakalolimaliza gari

Wadau, leo naacha kidogo habari za bumu na mitihani. Mjomba ana Hiace inayobeba samaki kutoka Feri, na ada ya mdogo wangu inatoka humo humo. Sasa anataka kugundisha kapeti la mpira, eti sakafu isipate kutu. Kwa heshima zote, mimi napinga!

Maji ya samaki yana chumvi, na chumvi inaharakisha kutu. Ukigundisha mpira, maji yanapenya pembeni, yanakaa chini, hayakauki. Juu unaona pasafi, kumbe bati linaliwa kimya kimya mpaka siku mguu utokee barabarani (msicheke, mnazijua hizo daladala).

Hela hiyo bora anunue ndoo kubwa zenye mifuniko, zisizovuja. Jioni aoshe sakafu kwa maji ya bomba, atoe vile vizibo vya chini maji yatoke, halafu aache milango wazi mpaka pakauke kabisa. Palipochubuka apige msasa mpaka bati ling'ae, apake rangi ya kuzuia kutu. Kama kapeti analitaka sana, basi liwe la kutandika na kutoa kila siku, siyo la gundi.

Jumamosi sina kipindi, msasa nitamshikia mimi.