Kinyama cha Taya Kisitupwe

Uvimbe wa taya usiouma huwapumbaza wagonjwa na matabibu pia. Mkulima wa Nkwenda wilayani Kyerwa au Nyaishozi wilayani Karagwe shavu linamjaa kidogo kidogo, jino linalegea, naye anaendelea na kahawa yake. Akifika kliniki anang'olewa jino, anapewa vidonge, anarudishwa nyumbani. Mwakani anang'olewa la pili. Tabia hii ikome.

Baadhi ya uvimbe huo ni vifuko vya majimaji vinavyotokana na mabaki ya chembe zilizounda meno. Kimojawapo kilichozoeleka hulizunguka jino lililoshindwa kuota, mara nyingi gego la mwisho. Aina nyingine, keratosisti, ni adimu zaidi, tena korofi: hutambaa ndani ya mfupa bila kuvimbisha shavu mapema, na isipotolewa yote hurudi, pengine baada ya miaka mingi. Shirika la Afya Duniani liliiweka katika kundi la tyuma mwaka 2005, kisha mwaka 2017 likairudisha kwenye vifuko. Ikiwa wenye hadubini walibishana kiasi hicho, tabibu mwenye koleo ataamuaje kwa macho?

Hata picha ya eksirei haitoshi, kwa kuwa ameloblastoma, tyuma ya taya, huweza kufanana na keratosisti kabisa. Kabla ya kupasua, sindano ivute kilichomo: majimaji ya manjano, au uji mzito mweupe unaoashiria keratosisti. Ikija damu tupu, kisu kiwekwe chini na rufaa iandikwe. Na mtoto ambaye taya yake imevimba kwa siku au wiki chache asiwekwe kwenye foleni ya kung'oa meno. Huenda ana limfoma ya Burkitt, ambayo Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akiwa Uganda, jirani yetu wa mpakani. Hiyo hutibiwa kwa dawa za saratani, na kila siku ina uzito.

Wajibu tunaoudai hauhitaji jengo jipya. Kila kinyama kinachotolewa tayani kitiwe kwenye fomalini, kiandikwe jina, kisafirishwe hadi maabara ya patholojia, hospitali ya Bugando jijini Mwanza ikibidi. Gharama hiyo ibebwe na halmashauri, Karagwe na Kyerwa kila moja kwa bajeti yake. Mgonjwa asiambiwe atafute nauli ya kichupa. Mwenye keratosisti apigwe picha kila mwaka kwa miaka isiyopungua mitano, hata akijiona mzima. Waganga Wakuu wa wilaya zote mbili walikague daftari la waliopasuliwa taya kila robo mwaka, na penye jina lisilo na jibu la maabara, aliyepasua aeleze kwa maandishi.