Mpira, Karo na Mlango wa Chuo

Katika Marekani, tofauti na nchi nyingi ambako kijana mwenye kipaji cha soka huchukuliwa na klabu angali mdogo na elimu ikaachwa nyuma, njia iliyozoeleka tangu zamani hupitia chuo kikuu. Na kwa ajili hiyo wazazi wengi, wakiwamo waliohamia huko kutoka Kongo, Kigoma na Mombasa, humtazama mwana wao akiichezea shule yake ya sekondari wakaiona karo ya chuo kuwa imekwisha kulipwa na miguu yake. Dhana hiyo haikuzuka bure. Handwalla Bwana, aliyezaliwa Mombasa na kukulia katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, aliichezea shule ya sekondari ya Ballard mjini Seattle, akaingia Chuo Kikuu cha Washington, na mwaka 2018 akatia saini mkataba na klabu ya kulipwa ya Seattle Sounders. Habari za namna hii huenea upesi kuliko hesabu, na hesabu ndiyo ninayotaka kuitazama, kwa kuwa rai yangu ni kwamba mzazi anayemaliza akiba yake ili mwanawe aonekane na makocha aghalabu hununua kwa ghali kile ambacho alama nzuri za darasani na barua ya adabu kwa kocha zingempatia kwa gharama ndogo.

Kwa takwimu za NCAA, jumuiya iliyoasisiwa mwaka 1906 na inayosimamia sehemu kubwa ya michezo ya vyuo, wavulana zaidi ya 450,000 walikuwa wakicheza soka ya sekondari katika msimu wa 2018 hadi 2019, na katika kila mia hawakutimia sita waliofika timu za vyuo vyake. Waliofika daraja la kwanza, lililo la juu kabisa katika madaraja matatu ya NCAA, walikuwa mmoja na kitu. Wasichana wana nafasi pana kidogo, kwani sheria ya mwaka 1972 iitwayo Title IX, iliyoharimisha ubaguzi wa jinsia katika elimu inayopokea fedha za serikali kuu, ilivisukuma vyuo kuanzisha timu nyingi za wanawake.

Hata huyo mmoja asidhaniwe kuwa hulipiwa kila kitu. Kwa miaka mingi timu ya wanaume ya daraja la kwanza haikuruhusiwa kutoa zaidi ya ufadhili 9.9, yaani usiofika hata karo kamili kumi, nao ukagawanywa miongoni mwa wachezaji ishirini na kitu, kila mmoja akaondoka na kipande chake. Mwaka 2025, hakimu Claudia Wilken alipoidhinisha suluhu ya kesi iitwayo House, ambayo wachezaji waliishtaki NCAA, kikomo hicho kiliondolewa kwa vyuo vilivyoikubali suluhu, pakawekwa badala yake kikomo cha idadi ya wachezaji, ambacho kwa soka ni 28. Msomaji mwenye haraka atafurahi akidhani wote 28 watalipiwa. Walakini ruhusa ya kutoa si wajibu wa kutoa, na chuo ambacho suluhu hiyo hiyo imekiruhusu kuwalipa wachezaji wake moja kwa moja hadi kiasi cha dola milioni 20.5 katika mwaka wa kwanza kitawatazama kwanza wale wa futiboli ya Kimarekani na wa mpira wa kikapu, ambao ndio wanaoingiza mapato. Daraja la tatu, lenye vyuo vingi kuliko madaraja mengine, halitoi hata senti moja kwa ajili ya mchezo. Na vyuo vya Ivy League, ijapokuwa ni vya daraja la kwanza, vivyo hivyo.

Lakini vyuo hivyo visivyotoa kwa ajili ya mguu vingi hutoa kwa ajili ya haja, na baadhi kwa ajili ya masomo pia. Chuo chenye hazina kubwa huweza kumpunguzia mtoto wa dereva au mfagiaji karo hata ikabaki kidogo mno, na neno la kocha katika ofisi ya udahili huweza kumsogeza mbele kijana ambaye alama zake zimekwisha kutosha. Zisipotosha, kocha hunyamaza. NCAA yenyewe humtaka mchezaji wa daraja la kwanza na la pili awe amemaliza masomo 16 ya msingi, na hapa ndipo kijana aliyefika kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu akiwa na miaka kumi na mitano, akapangwa katika madarasa ya Kiingereza cha wageni, huenda akagundua katika mwaka wa mwisho kwamba baadhi ya masomo aliyoyasoma kwa bidii hayahesabiwi. Mshauri wa shule angepaswa kumwambia mapema. Wengi hawaambiwi, na wala hawajui la kuuliza.

Badala ya kuuliza hayo, familia huelekezwa kwenye klabu za kulipia na mashindano ya maonyesho. Ukifika kwenye mashindano hayo utaona viwanja vyenye namba vikichezwa kwa wakati mmoja, na kandoni makocha wa vyuo wamekaa kwenye viti vya kukunja, kila mmoja na kijitabu cha majina na namba za jezi, wakitazama nusu saa hapa, kisha wakahamia kiwanja kingine. Hawaokoti vipaji ovyo. Aghalabu wamekuja kuwatazama vijana ambao majina yao wanayo tayari, kwa sababu waliandikiwa kabla. Basi barua iliyotumwa wiki mbili mbele, yenye mwaka wa kuhitimu, nafasi ya kucheza, wastani wa alama, namba ya jezi, namba ya kiwanja na video ya dakika chache ambayo matendo mazuri yametangulia, ina kazi kubwa kuliko ada ya kuingilia. Kijana anaweza kuandika wakati wowote, ingawa kocha wa daraja la kwanza hana ruhusa ya kumjibu habari za usajili kabla ya Juni 15 baada ya mwaka wake wa pili wa sekondari. Ukimya wa kabla ya siku hiyo usimvunje moyo. Wa baada ya siku hiyo, ukiendelea miezi, ni jibu. Na mwaliko wa kambi ya mafunzo ya chuo, yenye ada yake, si ushahidi kwamba mtu amependwa, maana mialiko ya namna hiyo hutumwa kwa wengi.

Insafu yataka tuwatetee makocha. Fedha zao za safari ni chache na siku ni chache. Na tangu wanafunzi waruhusiwe kuhama chuo na kucheza mara moja, mwenye nafasi moja humwona mwanamume wa miaka ishirini na moja aliyekwisha kupimwa kuwa ni salama kuliko mvulana wa kumi na saba. Hilo nalifahamu. Nisilolikubali ni ile daawa kwamba uwanja wa shule hauna kitu cha kutazama. Akademi za shirikisho la soka la Marekani, tangu 2012 mpaka zilipofungwa 2020, ziliwakataza vijana wao kuzichezea shule zao. Na katika muda huo huo, mwaka 2015, shule ya umma ya Lewiston katika jimbo la Maine, kwa timu iliyojaa watoto wa wakimbizi, wengi wao Wasomali, ilitwaa ubingwa wa jimbo. Vijana kama hao hawakukosa mpira. Walikosa nauli na ada, na kocha aliyetaka kuwaona alihitaji kufika Lewiston tu.

Kwa hiyo mzazi mwenye fedha ya shindano moja na achague moja lililo karibu na vyuo ambavyo mwanawe angesoma hata kama asingecheza, na zinazobaki zimlipie mwalimu wa hesabu. Na siku kocha atakapotamka neno ufadhili, amwulize mbele ya kijana: ni dola ngapi, kwa miaka mingapi, na itakuwaje goti likiumia? Ahadi ya mdomo haimfungi kocha wala chuo. Jibu litakwe kwa maandishi, na barua ya gharama ya chuo isomwe na familia nzima kabla ya mtu yeyote kutia saini.