Ujira wa Haki Uanzie Nyumbani mwa Bwana



Juma hili twapenda kutafakari nanyi jambo linaloonekana kuwa mbali nasi: mvutano kati ya vyuo vikuu vya Marekani na wanafunzi wao wa uzamili na uzamivu wanaofanya kazi vyuoni humo. Hao ndio wanaofundisha madarasa, kusahihisha mitihani na kukesha katika maabara. Wanachopewa huitwa posho. Wanapoomba kuketi na chuo ili wapatane juu ya malipo, mara nyingi wamejibiwa: ninyi si wafanyakazi, ninyi ni wanafunzi.

Tuseme wazi tangu mwanzo: jibu hilo si la haki, na likitoka kinywani mwa chuo kikuu cha Kikatoliki, ni kwazo.

Kwanza, mtu aweza kuwa mwanafunzi na mfanyakazi kwa wakati mmoja. Mwanagenzi hujifunza useremala huku akipiga randa. Meza yake ikiuzwa, nani atathubutu kusema hakufanya kazi? Novemba 14, 2022, wafanyakazi wa kitaaluma wapatao 48,000 wa Chuo Kikuu cha California, wengi wao wanafunzi wa namna hii, waligoma. Madarasa yaliahirishwa na mitihani ikabaki bila kusahihishwa. Kama walichokuwa wakifanya si kazi, mbona kilipokoma chuo kiliyumba? Mwezi uliofuata mkataba ulipitishwa. Kima cha chini cha mwalimu msaidizi wa nusu muda, kilichokuwa kama dola 23,000 kwa miezi tisa ya masomo, kilipangwa kufikia dola 34,000 ifikapo Oktoba 2024. Fedha hizo hazikushuka kama mana jangwani. Zilipatikana kwa kuketi mezani.

Pili, na hapa ndipo panapotuuma sisi wana wa Kanisa. Mwaka 2016 Bodi ya Taifa ya Mahusiano ya Kazi ya Marekani iliamua, katika shauri la Chuo Kikuu cha Columbia, kwamba wanafunzi wa namna hii katika vyuo binafsi ni wafanyakazi kisheria. Mwaka 2017 wanafunzi wa Boston College, chuo cha Wajesuiti, walipiga kura kuunda chama. Chuo kilikataa kujadiliana nao. Miongoni mwa hoja zake ilikuwemo hii: kwamba ni taasisi ya dini, hivyo Bodi hiyo haina mamlaka juu yake. Chuo Kikuu cha Loyola cha Chicago nacho kilishika njia hiyo hiyo. Mapema mwaka 2018 wanafunzi wa Boston waliondoa shauri lao, wakihofia kwamba Bodi yenye wajumbe wapya ingetangua haki ya wenzao nchi nzima.

Uhuru wa dini ni tunu, nasi tutautetea daima. Lakini tangu lini uhuru wa dini ukawa ngao ya kukwepa yale ambayo dini yenyewe inaamuru? Mwaka 1891 Papa Leo XIII alifundisha katika Rerum Novarum kwamba mapatano ya mshahara hayatoshi kuufanya uwe wa haki. Anayekubali ujira duni kwa kubanwa na shida ametendewa jeuri. Mwaka 1981 Yohane Paulo II, katika Laborem Exercens, alitetea vyama vya wafanyakazi kama sehemu ya lazima ya maisha ya jamii. Na mwaka 1986 maaskofu wa Marekani wenyewe walitamka kwamba taasisi za Kanisa nazo ziheshimu haki ya watumishi wake kujiunga pamoja na kujadiliana. Mkuki kwa nguruwe mtamu! Twawahubiria wenye viwanda, na zamu yetu ikifika twatafuta mwanasheria.

Wapo wasemao kwamba mkataba utaharibu uhusiano wa upendo kati ya mwalimu na mwanafunzi. Upendo gani huo unaoogopa karatasi? Profesa ndiye mwenye barua ya sifa itakayompa mwanafunzi ajira kesho. Mwanafunzi mgeni, na watoto wetu wa Afrika Mashariki wamo, kwa kawaida haruhusiwi na viza yake kufanya kazi nje ya chuo. Posho hiyo ndiyo kodi ya nyumba, chakula na dawa. Akilalamika peke yake, amekwisha. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Tena tunao ushahidi kwamba yawezekana. Chuo Kikuu cha Georgetown, cha Wajesuiti pia, nacho kilikataa mwanzoni. Lakini mwaka 2018 kilikubali kura ipigwe chini ya msimamizi huru, nje ya Bodi ile. Novemba mwaka huo wanafunzi walichagua chama, na Mei 2020 mkataba wa hali bora ukaidhinishwa. Je, Ukatoliki wake ulipungua? Sisi twaona uling'aa.

Wanafunzi nao wana wajibu: waseme kweli mezani, na mgomo uwe njia ya mwisho, si ya kwanza. Lakini asiyekubali kuketi mezani hana haki ya kulaumu kelele za nje.

Ndugu wapendwa, mwaka 2025 Baba Mtakatifu alijichagulia jina la Leo akimkumbuka yule wa Rerum Novarum. Jina hilo litudai na sisi. Katekista, mpishi wa nyumba ya mapadre, mlinzi wa usiku, mwalimu wa chekechea ya parokia: wanalipwa nini, lini, na kwa mkataba upi? Mtume Yakobo aonya kwamba ujira uliozuiliwa hulia, na kilio chake humfikia Bwana. Tusingoje kilio hicho kisikike toka sakristia yetu. Halmashauri ya walei iliweke jambo hili katika ajenda ya kikao kijacho.

Mungu awabariki.