Tuandike Ruhusa Kabla ya Kuweka Jarida Mtandaoni

Kamati ya chama imependekeza matoleo yote ya zamani ya jarida letu yawekwe mtandaoni. Mimi naunga mkono. Binamu zangu wa Mombasa wataweza kusoma tunayoandika huku Uingereza. Lakini kwanza tujibu swali moja: nani anaruhusiwa kuyachukua maandishi yetu, na kwa kazi gani?

Nauliza kwa sababu wasomaji wa mtandaoni si watu peke yao. Programu za kampuni kubwa huzunguka tovuti usiku na mchana zikinakili maandishi, na siku hizi mengi hutumika kufundishia akili mnemba. Tangu 1994 ipo njia ya kuzungumza nazo: faili dogo liitwalo robots.txt. Mwenye tovuti huandika humo programu ipi isiingie, na sehemu gani. Ila hilo ni ombi, si kufuli. Asiyejali hodi huingia tu. Tena faili hilo haliwezi kusema, "Chukua, lakini taja jina la mwandishi."

Vyombo vya habari vimehangaika na jambo hili kwa miaka. IPTC, shirika la viwango vya habari lenye makao London, limetengeneza RightsML, lugha ya kueleza ruhusa kwa namna ambayo kompyuta inaielewa: nani atumie habari au picha, wapi, mpaka lini. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2019 nayo inamruhusu mwenye kazi kukataa isichimbwe na mashine, isipokuwa kwa utafiti wa kisayansi. Kwa kazi iliyo mtandaoni, katazo hilo sharti lisomeke na mashine. Anayenyamaza amekubali.

Wapo watakaosema Kiswahili tayari kina maandishi machache mtandaoni. Tukifunga mlango, mashine zitajifunza Kiswahili kibovu cha tafsiri, na sisi ndio tutakaokuwa wa kwanza kulalamika. Hoja hiyo ina uzito, wala sitaki tufunge. Ila kutoa ni tofauti na kuchukuliwa.

Mwaka jana niliandika humu hadithi alizonisimulia bibi yangu. Alijua zitasomwa na wanachama. Habari za mashine sikumwambia, kwa kuwa hata mimi sikuzifikiria. Juzi nilimpigia simu nikamweleza. Alicheka, kisha akasema, "Wachukue, mjukuu wangu, lakini waseme nani kazisimulia."

Basi napendekeza mambo matatu. Kila mwandishi aulizwe, pamoja na waliokwisha kuhitimu. Ruhusa yake iandikwe mara mbili, kwa Kiswahili cha watu na kwa lugha ya mashine. Na asiyepatikana, kazi yake ibaki kabatini mpaka apatikane.

Najua zipo kampuni zitakazopuuza. Lakini siku tukidai haki yetu, hakuna atakayesema hatukutamka.