Kijana wako anatengeneza kipimo cha kabureta? Angalia mambo haya

Kijana anayependa ufundi hasubiri gereji. Uwanja wa nyumbani unamtosha. Mzazi usimkataze. Lakini akianza kujitengenezea kipimo cha kusawazisha kabureta, uliza maswali mawili: ndani ya mpira ameweka nini, na injini ataiwashia wapi?

Kipimo chenyewe

Kipimo hiki ni cha injini yenye kabureta mbili au zaidi, kama zilivyo pikipiki nyingi kubwa za zamani. Kabureta moja ikipitisha hewa zaidi ya mwenzake, injini hutetemeka na kunguruma vibaya. Bodaboda nyingi zina silinda moja na kabureta moja, hivyo hazikihitaji.

Vifaa ni vya bei ndogo: mpira mwembamba wa plastiki unaoonyesha ndani, ubao na oili kidogo. Mpira hukunjwa kama herufi U na kufungwa kwenye ubao, oili ikakaa chini. Ncha zake mbili huunganishwa kwenye vitundu vilivyo kati ya kabureta na injini. Injini ikiwashwa, oili hupanda upande unaovuta zaidi. Fundi hugeuza skrubu ya kusawazisha mpaka oili ilingane pande zote mbili. Ni ndugu wa mpira wa maji ambao mafundi ujenzi hupimia usawa. Oili ikipanda kwa kasi, injini izimwe kabla haijaivuta ndani.

Zebaki isiguswe

Vipimo vya zamani vya dukani vilitumia zebaki. Ni nzito mara 13.6 kuliko maji, hivyo mpira mfupi ulitosha. Kijana anaweza kushawishika kuitafuta. Mkatalie.

Zebaki hutoa mvuke hata bila kupashwa moto, na mvuke huo hauonekani wala haunuki. Ukivutwa hudhuru ubongo, mishipa ya fahamu na figo. Watoto wadogo na mimba huathirika zaidi. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliweka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuingiza nchini vipimo vingi vya zebaki vya aina hii.

Ikimwagika ndani, toa watoto, fungua madirisha na funga mlango wa chumba hicho. Usifagie, kwa kuwa ufagio huitawanya, na usiishike kwa mikono mitupu. Omba ushauri kwa wataalamu wa afya. Oili ya kawaida inafanya kazi hiyo hiyo. Inadai tu mpira mrefu zaidi.

Injini iwe nje

Kusawazisha kabureta kunahitaji injini iwake kwa dakika kadhaa. Moshi wake una kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayochukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Kuacha mlango wa stoo wazi hakutoshi. Kazi ifanyike uwanjani, mbali na madirisha ya vyumba vya kulala.

Mtu akiumwa kichwa, akisikia kizunguzungu au kichefuchefu karibu na injini inayowaka, mtoe kwenye hewa safi mara moja na mpeleke hospitali, hata akisema amepata nafuu.

Mwisho, oili na petroli zisihifadhiwe kwenye chupa za soda. Mtoto mwenye kiu hasomi kilichomo. Huona chupa anayoijua. Akinywa petroli, usimtapishe wala usimpe maziwa. Mkimbize hospitali.