Walionaswa na Waliobeba

Hadithi za anga za zama hizi zina mchezo wao mmoja unaopendwa sana. Chombo cha wageni kutoka sayari ya mbali huanguka, kikanaswa katika barafu, na mabaharia wake wakabaki wakihesabu siku. Chakula kinapungua, moto unafifia, na kipande kimoja cha mtambo kimevunjika, nacho hakina badala. Wageni hao hukaa shauri, hugawana kazi, hutengeneza na kutengenezua, hujiandaa kutoroka. Msomaji naye hushika roho mkononi hadi ukurasa wa mwisho.

Utamu wa hadithi hizo haukanushiki. Lakini ndani yake imo hila moja ambayo wapenzi wa fasihi hawana budi kuifichua: barafu ile kamwe haina mwenyewe. Imechaguliwa kwa sababu haina shamba, haina kaburi, haina mama mwenye mtoto mgongoni. Wageni waweza kunaswa humo na kunasuka pasipo kumgusa mtu. Huruma yote ya msomaji huwaendea wao, kwani hapana mwingine wa kuhurumiwa.

Mwambao wa Waswahili unayo hadithi ya namna hiyo, nayo si ya kubuni. Wageni wake walitoka Ujerumani, na badala ya barafu palikuwa na mikoko ya Rufiji.

Manowari Königsberg, chini ya nahodha Max Looff, ilifika Dar es Salaam Juni 1914. Vita vilipozuka ilikwisha ondoka bandarini, ikazurura baharini ikiwinda meli za Waingereza. Tarehe 20 Septemba 1914, alfajiri, ilitokea mbele ya bandari ya Unguja, ikaikuta manowari Pegasus imetia nanga ikitengenezwa mitambo yake, ikaipiga mizinga hata ikazama. Makaburi ya baadhi ya mabaharia wa Pegasus yako hadi leo katika kisiwa cha Chapwani, mkabala wa Mji Mkongwe. Muda si muda mtambo wa Königsberg yenyewe ukavunjika. Manowari ikajipenyeza katika delta ya Rufiji, ikapanda mto, ikajificha nyuma ya mikoko. Mwisho wa Oktoba Waingereza wakaigundua, wakaifungia milango ya mto. Novemba wakazamisha meli nzima, Newbridge, ili kuziba mlango mmojawapo. Chombo kikanaswa kweli kweli.

Yaliyofuata yangemfurahisha mtungaji yeyote wa hadithi za anga. Sehemu za mtambo zilifunguliwa, zikasafirishwa kwa nchi kavu hadi karakana ya Dar es Salaam, zikatengenezwa, zikarudishwa. Matawi ya miti yakafungwa kwenye milingoti ili ndege za adui zisiione meli. Kutoka Ujerumani ikatumwa meli Rubens, imevaa sura na jina la meli ya Denmark, imebeba makaa ya mawe ili Königsberg ipate nguvu ya kutoroka. Aprili 1915 Rubens ilishambuliwa katika ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga, na makaa hayakufika Rufiji. Julai 1915 Waingereza wakaleta meli mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, zikapanda mto. Tarehe 11 ya mwezi huo Königsberg ikaharibiwa, na mabaharia wake wenyewe wakaimalizia ili isitekwe.

Hapo ndipo wasimulizi wa ng'ambo hukunja mkeka. Wengine huongeza kurasa chache za kusifu werevu: jinsi mizinga kumi ya meli hiyo ilivyoopolewa, ikaundiwa magurudumu, ikapigana nchi kavu. Wilbur Smith aliifanya habari ya meli hiyo kuwa riwaya, *Shout at the Devil*, mwaka 1968, na mwaka 1976 ikawa filamu ya Lee Marvin na Roger Moore. Katika masimulizi ya aina hii Rufiji huwa barafu tu: mahali pa mbu, mamba na ushujaa wa wageni. Mwenyeji, kama yumo, yumo kama mti ulio mbele ya kamera.

Basi na iulizwe kwa sauti: sehemu zile za mtambo zilikwendaje Dar es Salaam? Vyuma havina miguu. Mizinga ile ilitokaje matopeni ikafika katika mapigano ya bara? Kila neno "ilisafirishwa", "ilivutwa", "ilipelekwa" ni pazia, na nyuma ya pazia kuna mabega. Sarufi ya Kiswahili inaruhusu kutendwa bila mtendaji, lakini haki hairuhusu.

Ili kuona kilichoko nyuma ya pazia, hapana budi kuiacha pwani na kwenda mbali, hadi Lusewa. Lusewa leo ni kata ya Wilaya ya Namtumbo, iliyomegwa kutoka Songea, katika nchi ambako Wangoni, Wandendeule na Wayao wamechanganyikana, upande wa kuelekea mto Ruvuma. Hapana manowari iliyowahi kutia nanga huko wala mkoko ulioota. Ndiyo maana Lusewa ni mahali pazuri pa kuisomea hadithi hii. Aliyesimama bandarini huona chombo. Aliyesimama Lusewa huona mzigo.

Nchi hiyo ilikwisha kuwajua wageni hao. Tarehe 27 Februari 1906, katika Vita vya Maji Maji, Wajerumani waliwanyonga mjini Songea wapiganaji na wakuu wa Kingoni zaidi ya 60, wakazikwa katika kaburi la pamoja. Baada ya kamba ikaja njaa, kwa kuwa maghala na mashamba yalichomwa makusudi. Watoto waliookoka njaa hiyo ndio waliokuwa vijana wa kubebeshwa mizigo miaka kumi baadaye. Septemba 1916 majeshi ya Waingereza kutoka Nyasaland yaliingia Songea. Januari 1917 kikosi cha Kijerumani cha Meja von Grawert kilisalimu amri Likuyu, katika Namtumbo ya leo. Kila jeshi lililopita lilitaka vitu viwili vile vile: nafaka ya kula na watu wa kuchukua. Si lazima gurudumu la mzinga wa Königsberg liwe limekanyaga Lusewa ili Lusewa ilipe. Mizinga ilikula unga na mabega ya kusini nzima.

Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu aligeuza methali juu chini. Siku ya tatu alimnyang'anya mwenyeji jembe, akamtwisha sanduku la risasi.

Hesabu ya mwisho wa safari inatosha kueleza. Tarehe 25 Novemba 1917 Jenerali von Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma kuingia nchi ya Wareno. Alikuwa na Wajerumani wapatao 300, askari wapatao 1,700, na nyuma yao wapagazi na wafuasi wengine wapatao 3,000. Kila Mjerumani, akiwamo baharia aliyekosa meli, alitoroka akiwa na watu zaidi ya kumi na watano chini yake. Vitabu vikasema jeshi la Lettow halikushindwa. La kuulizwa ni nani aliyebeba huko kutoshindwa.

Na kana kwamba historia ilitaka kuwafurahisha wapenzi wa hadithi za anga, siku hizo hizo kilikuwapo chombo cha angani chenyewe. Tarehe 21 Novemba 1917 puto kubwa la Wajerumani, L 59, liliruka kutoka Jamboli, Bulgaria, likiwa na shehena ya silaha na dawa kwa ajili ya waliozingirwa kusini mwa Afrika Mashariki. Ilikuwa safari ya kwenda bila kurudi, kwani gesi ya kulijaza haikupatikana Afrika. Mpango ulikuwa kulichanachana: kitambaa chake kiwe mahema na nguo, mifupa yake ijengewe vituo. Lilipofika Sudan likaitwa kwa simu ya upepo, likageuka, likarejea Bulgaria baada ya saa 95 angani. Wasimulizi hulilia chombo hicho kama muujiza uliokosa kutimia. Lau lingefika, miujiza hiyo ingeshuka juu ya vichwa vya nani? Mpango ulihesabu kilo za risasi na mita za kitambaa. Vichwa vya kubebea ilichukuliwa kuwa vipo tu, kama mvua ya masika.

Upande wa pili haukuwa bora, na atakayeulaumu upande mmoja peke yake atakuwa anawasemea Waingereza. Wao waliandikisha wapagazi kwa mamia ya maelfu, Wazanzibari wakiwamo, na waliokufa kwa maradhi, njaa na uchovu hukadiriwa kuwa zaidi ya 90,000. Jina la Kariakoo ya Dar es Salaam ni masalio ya kikosi hicho cha uchukuzi. Watu hununua nyanya kila siku ndani ya jina la msiba. Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mjini humo mwaka 1927, inawataja wapagazi katika maandishi ya chini, ila aliyesimama juu ni mwenye bunduki. Huko Mombasa mzinga wa Königsberg umewekwa Ngome ya Yesu, karibu na mzinga wa Pegasus, na watalii hupiga picha. Vyuma viwili vilivyopigana vimepata makumbusho. Bega lililovuta halikupata.

Wapo watakaosema kwamba hivyo vilikuwa vita vya Wazungu, na wapiganapo tembo nyasi huumia, yamekwisha. Methali hiyo imegeuzwa mto wa kulalia. Nyasi hazibebi mizinga, hazitoroki usiku, hazifichi mtama shimoni, hazimlilii mume asiyerudi. Kumwita mpagazi nyasi ni kumtwisha mzigo wa pili baada ya kufa.

Wapo pia watakaosema kwamba mabaharia nao walikuwa binadamu; waliugua homa, wakazikwa mbali na kwao. Ni kweli, na hapana anayewanyima huruma hiyo. Huruma si kosa. Kosa ni huruma yenye jicho moja, inayojua jina la nahodha, tarehe aliyozaliwa manowari na uzito wa mizinga yake, lakini haijui hata jina moja la aliyeikokota.

Lawama ya mwisho ni ya nyumbani, na ndiyo nzito. Washairi wa mwambao hawakuwa bubu mbele ya vita. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga utenzi juu ya Wadachi walivyoitamalaki Mrima, naye Abdul Karim bin Jamaliddini akatunga juu ya Vita vya Maji Maji. Shaaban Robert alitunga Utenzi wa Vita vya Uhuru juu ya vita vya 1939 hadi 1945. Katikati ya milima hiyo kuna bonde: vita vya 1914 hadi 1918, vilivyoanza kuonekana Unguja kwa moshi wa Pegasus, havina utenzi unaosomwa kama hizo. Nafasi hiyo imeachiwa riwaya za ng'ambo na filamu za Roger Moore. Vina na mizani vimetumika kwa harusi, kwa siasa na kwa mafumbo ya mapenzi, na kwa hayo ni halali. Lakini fani iliyoweza kubeba vita vitatu haiwezi kudai kwamba cha nne ni kizito mno.

Wala mtungaji wa kisiwani asiseme kwamba Lusewa ni mbali. Boriti zilizoezekea nyumba za Mji Mkongwe zilikatwa katika mikoko ile ile ya Rufiji iliyoificha Königsberg. Manowari iliyoua bandarini Unguja ndiyo iliyozaa mizinga iliyokokotwa bara. Mzigo ulioanzia mbele ya Forodhani uliishia juu ya vichwa vya watu wa Ruvuma. Njia ni moja, ila imeimbwa kipande kimoja tu, kile chenye bahari.

Utenzi unaodaiwa hauna haja ya kuanza na nahodha. Uanze na pagazi aliyepokonywa jembe, uhesabu hatua zake, umpe jina, na kama jina limepotea useme waziwazi kwamba limepotezwa. Nao wapenzi wa hadithi za barafu waendelee kuzisoma kwa raha zao, mradi kila chombo cha wageni kinaponasuka na kuondoka wawe na ujasiri wa kuuliza: kiliondoka juu ya mgongo wa nani?