Mchango wa Mwaka Mmoja, Ada ya Miaka Minne

Minneapolis, Marekani

Wazee wangu, akina mama, na kamati nzima ya mchango,

Kadi imenifikia pamoja na namba ya Paybill. Binti yetu amepata nafasi chuo kikuu huku, na hongera ni zake na za walimu wake. Lakini kabla simu hazijaanza kupigwa, naomba tupige hesabu ambayo haimo kwenye kadi.

Chuo kinataka dola 60,000 kwa mwaka, bweni, chakula na bima ya afya vikiwemo. Ufadhili ni 35,000. Pengo la 25,000 ni zaidi ya shilingi milioni 3, na kamati imelenga hapo hapo. Digrii ya huku ni miaka minne. Kinachotafutwa ni karibu milioni 13, na hapo sijaongeza kupanda kwa ada.

Barua ya ufadhili nayo isomwe hadi chini. Katika picha mliyonitumia, ndani ya zile 35,000 kuna mstari wa 2,500 ulioandikwa ajira ya chuoni. Hizo hazipo bado. Ni nafasi ya kutafuta kazi, pengine ya kuosha sahani bwaloni, na kulipwa kidogo kidogo huku ankara ikidaiwa mwanzo wa muhula.

Shida kubwa iko kwenye fomu ya I-20, ile anayokwenda nayo ubalozini kuomba viza ya F-1. Ili aipate, huonyesha fedha za mwaka wa kwanza tu. Kwa hilo harambee inatosha kabisa: akaunti inanona, viza inatoka, tunamsindikiza kwa nyimbo. Mwaka wa pili nani ataitisha harambee nyingine? Deni likibaki, chuo humzuia kusajili masomo, na asiposajiliwa anapoteza uhalali wa kukaa nchini. Vijana wa namna hiyo ninawajua. Darasani hawamo, kazi halali hawaruhusiwi, na nyumbani bado wanaitwa daktari.

Mtasema atajilipia. Wakati wa masomo F-1 humruhusu saa 20 kwa wiki, na mwaka wa kwanza ni ndani ya chuo tu. Kwa dola 12 kwa saa, wiki 30, ni 7,200 kabla ya kodi, na zile 2,500 zimo humo humo. Mikopo ya serikali ya Marekani haiwahusu wanafunzi wa viza.

Sisi wa Uasin Gishu tunajua mambo haya yanavyoisha. Mwaka 2023 wazazi wa vijana wa mpango wa masomo wa Finland waliandamana hapo Eldoret wakidai pesa walizolipa kupitia kaunti. Kwa hiyo shamba la babu lisiuzwe ili kujaza pengo hili.

Binti mwenyewe aiandikie ofisi ya ufadhili wiki hii, kabla ya kulipa ile ada ya kushikilia nafasi. Aulize kama ufadhili ni wa miaka yote minne, kama unapanda pamoja na ada, na kama wanaweza kuongeza. Aulize sasa, kwa sababu vyuo vingi havimruhusu mgeni kuomba nyongeza akishaingia. Wakikataa, aombe upya mwaka ujao kwenye vile vichache, kama Amherst, Yale na MIT, vinavyoziba pengo lote hata kwa mgeni. Kuingia huko ni kazi ngumu, sifichi.

Au asome Chuo Kikuu cha Moi. Najua mtanitajia migomo ya wahadhiri. Lakini Wakenya wengi wenye uzamivu huku walianzia vyuo vya nyumbani, wakaja baadaye chuo cha huku kikiwalipia ada na kuwapa posho kwa kufundisha na kufanya utafiti. Kama angekuwa binti yangu wa kumzaa, ningempitisha njia hiyo.

Nitumieni majibu ya chuo kabla ya kikao cha kamati. Yakiwa mazuri, mchango wangu utaingia jioni hiyo hiyo. Yakiwa mabaya, pesa hizo hizo zitalipa muhula wake wa kwanza Moi, na kamati inaweza kuvunjwa.

Wenu,
Mjomba wa Minneapolis